Kidimbwi Hiki ni cha Nani?

Lori la kokoto lilipopanda kilima cha Kebirigo saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Gentrix Awuor alikuwa tayari ndani ya shimo, gambuti miguuni, akihesabu nondo alizokwisha kuzihesabu jana yake. Hakuwa na shaka na nondo. Shaka yake ilikuwa kwa mwanamume aliyesimama juu ukingoni na kikombe cha chai mkononi, akimtazama kwa yale macho ya upole ambayo kwa miezi miwili yalimfanya asahau vipimo.

"Umelala?" Machogu aliuliza.

"Nimelala."

"Uongo. Macho yako ni mekundu."

"Ni vumbi."

Wote wawili walijua hapakuwa na vumbi. Mvua ilinyesha jana jioni, na udongo mwekundu ulikuwa umeshikamana na kila kitu. Machogu alishuka taratibu kwenye ngazi ya mbao, akamletea ile chai. Vidole vyao vilipogusana kwenye kikombe, Gentrix hakuviondoa mara moja. Akakasirika. Mwili wake ulikuwa bado haujapata habari ambazo akili ilikwisha kuzipata.

"Leo ukiongea kwa simu," alisema, "usiende nayo kule kwenye majani chai. Ongea hapa."

Machogu alitabasamu, lakini tabasamu lilichelewa kufika machoni. "Kwa nini?"

"Nataka kujua kama unaweza."

Machogu Ombati alikuwa daktari wa meno mjini Kisii, umri miaka thelathini na sita, mtu wa maneno machache na mikono safi. Aliishi hapa Kebirigo, Nyamira, na mama yake, kwenye nyumba ya matofali iliyotazamana na mashamba ya majani chai. Alimtafuta Gentrix baada ya kuogelea kwenye kidimbwi ambacho injinia huyu alikijenga kwenye hoteli moja ya Kisumu. Gentrix mwenyewe alikuwa binti wa Jeconia Owiti, fundi mwashi aliyetoka Oyugis na kulea wanawe katika mtaa wa Nyanchwa, mjini Kisii. Alimpiku baba yake kwa masomo, lakini simiti aliijua kwanza mikononi mwa mzee huyo.

Siku ya kwanza Machogu alikuja na karatasi moja tu. Wateja wengi wa Gentrix walitaka upande wenye kina kirefu wa kujirusha, taa za rangi, na vigae vya kupigia picha. Huyu alitaka kina cha kufika kifuani, sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho. Hakutaka ngazi. Alitaka mteremko mpana wa kuingilia majini polepole, wenye vyuma vya kushikilia pande zote mbili, kimo cha sentimita themanini na tano. Na maji yawe ya vuguvugu.

"Nani ataogelea?" Gentrix aliuliza siku hiyo.

"Familia."

"Familia ni wewe na mama yako. Mama yako huyu uliyeniambia anaogopa hata beseni?"

"Familia, Gentrix. Nijengee tu."

Naye akamjengea. Akachora, akapima, akasimamia uchimbaji wa wiki tatu kwenye ile ardhi yenye mwinuko mkali. Na katika zile wiki Machogu akawa anafunga kliniki mapema, anakuja kumshikia fimbo ya kupimia. Alikuwa hajui kuishika wima. Gentrix alikuwa anacheka mpaka machozi yanamtoka. Jumamosi moja walienda Birongo kutafuta mawe ya ukingo, na wakiwa njiani kurudi Machogu alisimamisha gari, akazima injini, akasema bila kumtazama, "Hata hiki kidimbwi kikiisha, mimi nataka kuendelea kukuona." Gentrix alimjibu kwa kumshika mkono.

Kisha zikaja simu. Zilikuja karibu kila siku, na kila mara Machogu alikuwa anaondoka, anaingia kati ya majani chai, anaongea ameinamisha kichwa. Alipokuwa akirudi, uso wake ulikuwa wa mtu aliyekaripiwa.

Halafu, Jumanne ya wiki hii, mama yake alikuja shimoni kutazama mafundi wakifunga nondo. Mama Machogu alimsalimia Gentrix kwa Kiswahili cha haraka, kisha akamgeukia Ogoti, msimamizi wa mafundi, akaongea naye kwa Kikisii akiamini yule mgeni hasikii neno.

"Linet atafurahi," mama alisema. "Mke wa mwanangu ataingia majini kama malkia. Na huyu Omogere, huyu Mjaluo, akishamaliza arudi kwao ziwani. Umeona miguu yake kwenye zile gambuti? Kama michi ya kutwangia."

Ogoti alikohoa. Yeye alijua kwamba Gentrix alizaliwa Nyanchwa, akacheza na kupigana na watoto wa Kikisii tangu hajaota meno ya mbele. Gentrix aliendelea kufunga waya kwenye nondo kana kwamba hakusikia. Aliufunga ule waya mpaka ukakatika.

Jioni hiyo alimuuliza Machogu, "Linet ni nani?"

Machogu akageuka, akaanza kuokota vipande vya waya. "Mtu wa zamani."

"Zamani ya lini?"

"Tumalize sakafu kwanza. Nitakueleza yote. Naomba tu tumalize."

Ndiyo maana hakulala. Usiku kucha aliwaza juu ya mteremko na vile vyuma. Sentimita themanini na tano. Hicho ni kimo cha mkono wa mtu aliyepimwa. Kuna mwanamke mahali fulani alisimama, akanyoosha mkono, na Machogu akampima.

Saa moja kamili mashine mbili za kukorogea zege ziliwashwa. Watu ishirini walijipanga na wilbaro. Gentrix aliwakusanya, akawaambia kama anavyowaambia siku zote, "Sakafu hii inamwagwa mara moja, kutoka ule upande wa juu mpaka mwisho wa mteremko. Hatusimami kula, hatusimami kuongea. Tukikatisha, zege la mapema na la kuchelewa hayatashikana, na maji yatapita hapo maisha yote. Mvua nayo huwa inafika saa tisa. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Injinia!"

Machogu alivua shati, akabaki na fulana, akashika wilbaro kama wengine. Alisukuma vibaya, akamwaga nusu njiani, watu wakamcheka. Siku nyingine Gentrix angecheka pia. Leo alikuwa anamtazama kama anavyotazama ukuta uliopigwa rangi mpya haraka mno.

Saa nne, simu ya Machogu ikalia. Machogu aliitazama, akamtazama Gentrix, akaiweka wilbaro chini.

"Ongea hapa," Gentrix alisema.

"Dakika moja tu."

Akaenda. Gentrix aliuona mgongo wake ukizama kwenye kijani. Aliporudi, alienda moja kwa moja kwenye wilbaro yake.

"Ni nani?"

"Mgonjwa. Ana jino linamsumbua."

"Hilo jino lina jina?"

"Gentrix, yuko njiani," alisema kwa sauti ndogo. "Anakuja hapa."

Gentrix hakupata nafasi ya kumjibu, kwa sababu Ogoti alikuwa anaita, zege lilikuwa linarundikana upande wa kushoto. Gentrix alienda. Alielekeza, akasawazisha kwa ubao, akashika mwenyewe ile mashine ya kutikisa zege lisibaki na matundu. Mikono ilifanya kazi peke yake. Kichwani alikuwa akipanga maneno ya kumwambia huyo mwanamke, na kila alichopanga kilikuwa kikali kuliko cha kwanza.

Saa sita kasoro, teksi nyeupe ilisimama langoni.

Kitu cha kwanza kutoka kilikuwa mkongojo. Kisha wa pili. Kisha mwanamke mrefu, mweusi wa kung'aa, mwenye nywele fupi na rinda la kijani, akajivuta nje ya gari huku akimkataza dereva asimsaidie. Mama Machogu alitoka ndani akikimbia, akipiga vigelegele.

"Mwanangu! Umekuja kuona zawadi yako!"

"Nimekuja, Mama. Shikamoo." Linet aliukubali mkumbatio, lakini macho yake yalikuwa shimoni. Akaja mpaka ukingoni, polepole, mikongojo ikizama kwenye udongo laini. Machogu alipiga hatua kumwendea. Linet aliinua mkongojo mmoja kidogo, naye akasimama pale pale kama aliyezuiwa na geti.

"Nani mkubwa wa kazi hapa?"

"Mimi," Gentrix alisema, akapanda ngazi na kusimama mbele yake. Alikuwa amechafuka simiti mpaka kwenye nyusi, na kwa mara ya kwanza maishani alitamani angekuwa na kioo.

"Simamisha."

"Nini?"

"Hii kazi. Isimamishe. Nimemwambia Machogu kila nikimpigia simu kwamba sikitaki hiki kidimbwi. Jana akanitumia picha ya nondo, akasema zege ni leo. Nikaona nije mwenyewe."

Kelele za mashine ziliendelea, lakini Gentrix alihisi kama pametulia ghafla.

"Wewe ndiye Linet."

"Na wewe ndiye Gentrix. Ameniambia habari zako."

"Amekuambia nini?"

"Kwamba anakupenda, na hajui pa kuanzia kukueleza kuhusu mimi."

Gentrix alimchunguza uso. Alitafuta dhihaka hakuipata, akatafuta hila, na kutoipata hila kukamtia shaka zaidi. Huenda wamepanga. Huenda ndivyo walivyozoea, huyu analia kwenye simu, yule anajenga, na fundi anapewa maneno matamu ili asiache kazi katikati.

Alitazama upande wa milima ya Manga. Wingu jeusi lilikuwa limeshaanza kukaa. Chini yake, sakafu ilikuwa imefika zaidi ya nusu, imelowa, inang'aa, na ncha yake ikisubiri zege lingine. Angeweza kuinua mkono mmoja tu na mashine zikazimwa. Hakuna ambaye angemlaumu. Mwenye kidimbwi mwenyewe ameomba.

"Dada," alisema mwishowe, "nikisimama sasa hivi nitakuwa nimeharibu kazi ya watu ishirini, na hapa patabaki shimo bovu nyuma ya nyumba ya huyu mama. Nipe saa tatu. Nikimaliza tutakaa sote, na mtu atasema ukweli."

"Na ule mteremko?"

"Uko kwenye mchoro. Nitaumwaga."

"Mimi sitaupita."

"Sawa. Hata mimi sijui nani ataupita. Lakini hautavuja."

Bila kutarajiwa, Linet alicheka. "Basi niletewe kiti," alisema. "Nataka kuona."

Akaletewa kiti. Alikaa ukingoni saa zote tatu, mikongojo mapajani, huku mama akimletea ndizi na chai na kumwuliza habari za harusi, naye akijibu, "Mama, subiri." Machogu alisukuma wilbaro bila kuinua uso. Hakuna aliyemcheka tena.

Walimaliza saa tisa kasoro dakika kumi. Matone ya kwanza yalipoanguka, turubai la mwisho lilikuwa linafungwa. Watu walikimbilia kwenye banda la ng'ombe. Wanne wakabaki barazani, mvua ikinguruma kwenye mabati, Gentrix amesimama kwa sababu hakutaka kuchafua kiti cha mtu.

"Sema," alimwambia Machogu.

"Nilikuwa naendesha gari," alianza. "Miaka mitatu iliyopita, mimi na Linet tulikuwa tunatoka Masimba. Tulikuwa karibu kuoana. Nilikuwa na haraka isiyo na maana, nikalipita lori kwenye kona. Mimi nilitoka na mkwaruzo wa mkono. Yeye..."

"Uti wa mgongo," Linet alimalizia. "Miezi saba hospitalini. Sema na ile nyingine, Machogu. Ile hujamwambia mama."

Mama aliweka birika chini.

"Linet alivunja uchumba," Machogu alisema. "Miaka miwili sasa. Alinirudishia pete. Mama, hakuna harusi. Haikuwepo."

"Lakini ulisema anasubiri apone!"

"Nilisema uongo, Mama."

"Mama," Linet alisema kwa upole, kwa Kikisii, akamshika yule mzee mkono, "sikumwacha kwa sababu ya ajali. Nilimwacha kwa sababu kila aliponitazama alikuwa ananiomba msamaha. Asubuhi msamaha, jioni msamaha. Nilimsamehe mpaka nikachoka. Sasa hivi niko Eldoret, nafundisha, naogelea mara mbili kwa wiki na wenzangu, tunapiga kelele mle majini mpaka mlinzi anatufukuza. Nina maisha. Yeye anadhani bado nimelala kwenye ule mtaro tulikoangukia na gari." Akamgeukia Machogu. "Wewe hukunijengea mimi. Ulijijengea wewe, upate kulala usingizi."

Machogu alikuwa analia. Alilia kimya, kama mtu asiyezoea. Gentrix alitaka kumwendea. Miguu ilitaka, mikono ilitaka. Akabaki pale pale.

"Vile vipimo vya vyuma," aliuliza, "vya kimo chake, ulivipata wapi?"

"Hospitalini. Nilikuwa nampima alipojifunza kusimama. Sijavisahau."

"Na ulinipa mimi, nikavipinda kwa mikono yangu. Nilikuwa nakuja hapa asubuhi nikiwa nimekupenda, Machogu. Nafunga kila nondo nikiwaza labda siku moja nitaogelea humu na wewe. Kumbe najenga msamaha wa mtu mwingine, na wewe unanitazama tu."

"Niliogopa. Ungejua niliyoyafanya, ungeniona mtu mbaya."

"Ningekuona mtu aliyefanya ajali. Leo nakuona mtu aliyenidanganya kila siku kwa miezi miwili. Niambie kipi kibaya zaidi." Akavuta pumzi. "Na nitajuaje kwamba unanipenda mimi? Nitajuaje kwamba hukuwa unahitaji tu mtu wa kumaliza kazi?"

Hata kama Machogu angejibu, Gentrix asingemwamini.

Mama Machogu alikuwa akimtazama Gentrix kama anayekumbuka jambo. "Wewe," alisema taratibu, kwa Kikisii, "unaelewa tunachosema?"

"Naelewa, Mama," Gentrix alijibu kwa Kikisii kilekile.

"Tangu lini?"

"Tangu nizaliwe."

"Yote?"

"Hata ile ya michi."

Mzee wa watu alijifunika uso kwa kanga. Linet alicheka kwa nguvu mpaka mkongojo ukaanguka, na kwa sekunde chache hata Gentrix alitaka kucheka. Kisha akachukua mkoba wake.

"Ogoti atakuwa anamwagilia sakafu maji asubuhi na jioni, siku saba, isipasuke," alimwambia Machogu. "Kuta atazisimamia yeye. Kidimbwi kitaisha, na Linet akisema kiwe cha nani, kitakuwa cha huyo. Mimi usinipigie simu."

"Nyamira hii ina watu wengi waliovunjika kama mimi," Linet alisema. "Wafungulie wao, Machogu. Huo mteremko ni mzuri, dada. Ni mzuri sana."

Gentrix alitoka kwenye mvua bila kugeuka. Alipofika langoni ndipo alipoanza kulia, na hapo mvua ilimsaidia.

Siku saba zilipita Nyanchwa. Machogu hakupiga simu. Gentrix alifurahi kwamba ametii, kisha akaanza kushuku utii wenyewe. Pengine amefarijika. Pengine Linet hakurudi Eldoret. Alimpigia Ogoti mara nne kuuliza habari za sakafu, na mara zote nne Ogoti alimwambia sakafu iko salama, tena daktari ndiye anayeimwagilia mwenyewe, halafu akanyamaza akisubiri aulize swali lingine. Hakuliuliza.

Jumapili, baada ya kanisa, alikuwa jikoni akikaanga samaki aliposikia mlango wa sebule ukibishwa na sauti ya baba yake ikiuliza, "Wewe ni nani, na umekuja kwa nani?"

"Naitwa Machogu Ombati, Mzee. Nimekuja kwako kwanza."

Gentrix aliuzima moto. Alisimama nyuma ya pazia, kijiko mkononi.

Mzee Jeconia hakumkaribisha kiti. Alikwisha kusikia jina hilo wiki nzima, likitajwa na binti yake kwa hasira. "Wewe ndiye Mkisii aliyemfanya mwanangu asile?"

"Ndiyo, Mzee."

"Sisi huku hatujui watu wako. Kwa nini nisikufukuze?"

"Sina sababu ya kukupa. Lakini kabla hujanifukuza, nataka usikie mambo yangu kutoka kwangu, usije ukayasikia kwa mtu. Miaka mitatu iliyopita nilisababisha ajali. Nilikuwa naendesha gari kutoka Masimba, na pembeni yangu kulikuwa na msichana anaitwa Linet. Mwendo ulikuwa wangu. Kosa lilikuwa langu..."

Aliendelea. Hakujitetea, na hakulia safari hii. Alisimulia lile lori, ile kona, na zile asubuhi za hospitalini. Alimwambia mzee jinsi alivyomdanganya mama yake, na jinsi alivyomdanganya Gentrix siku baada ya siku kwa kuogopa. Gentrix alisikiliza kila neno akilinganisha na yale aliyoyasikia barazani, akitafuta mahali ambapo hayalingani. Alipofika kwenye ile Jumamosi ya kutoka Birongo, Machogu alisita.

Pazia lilivutwa. Gentrix alipita mbele yake bila kumsalimia, akavuta kiti, akakiweka kando ya kiti cha baba yake, akakaa wamkabili wote wawili.

Machogu alimtazama, kisha akamtazama mzee.

"Mpe kiti, Baba," Gentrix alisema. Kisha kwa Machogu, kwa sauti ambayo haikuwa ngumu tena lakini ilikuwa bado haijalainika, "Endelea. Na usiruke kitu."